Kibanda cha Turgen

Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Maana ya methali hii haina fumbo: mtu hawezi kuyajua machungu ya mahali ambapo hajawahi kuuweka ubavu wake. Hata hivyo wapo waja ambao huyapima mateso ya wenzao wakiwa wamekaa kando ya jiko, bakuli la chai mkononi, nyayo wamezielekeza motoni, kisha hutoa hukumu, tena kwa sauti kubwa. Ohonon wa kijiji cha Tumul, huku kwetu kaskazini kwenye barafu, alikuwa mmoja wao. Simsengenyi. Yu hai mpaka leo, na akinisikia nikiisimulia habari hii hukohoa tu na kuomba aongezwe chai.

Mwaka huo majira ya baridi yaliingia kwa hasira. Kufikia katikati ya Januari kipimajoto cha shule kilikuwa kimeshuka hadi nyuzi hamsini na mbili chini ya sifuri, na ukungu ulitanda njiani hata mtu akawa anamtambua jirani yake kwa kikohozi. Shule ikafungwa, watoto wakashangilia. Magari yaliachwa yakinguruma usiku na mchana, kwa maana gari likizimwa siku kama hizo huwa limezimwa mpaka Machi. Nje ya kila mlango palikuwa na rundo la vipande vya barafu ya kuyeyushwa iwe maji ya kunywa, na ghalani sahani za maziwa yaliyogandishwa zilipangwa moja juu ya nyingine. Watu hawakutoka ila kwa ajili ya kuni na ng'ombe.

Kijijini hapo aliishi mjane mmoja jina lake Maarpa, mwanamke wa miaka sitini na mitano, fundi wa kushona ngozi. Alishona viatu vya ngozi ya miguu ya kulungu, alishona kofia za mbweha, na zaidi ya yote alishona sidiria za ng'ombe, zile za ngozi ya sungura ambazo kila mfugaji humfungia ng'ombe wake ili chuchu zisigande anapopelekwa kunywa maji kwenye tundu la barafu. Hapakuwa na ng'ombe Tumul nzima ambaye hakuwa mteja wake. Ulimi wake nao ulikuwa wa kifundi, na mtu mwenye akili timamu hakuthubutu kumchokoza kabla hajanywa chai yake ya asubuhi.

Mumewe, Miitrey, alikuwa mwindaji. Alipofariki dunia, mwishoni mwa majira ya joto, aliacha bunduki, mashua na mbwa mmoja aliyeitwa Turgen, yaani Mwepesi, ingawa wepesi wenyewe ulikuwa umekwisha kumpungukia kwa uzee. Mila yetu inasema bunduki ya mwindaji na mbwa wake huenda kwa ndugu yake wa kiume. Ndugu huyo ndiye Ohonon. Maarpa hakuipinga mila. Alimpeleka mbwa kwa mkono wake mwenyewe.

"Shemeji," alimwambia, "huyu si kama mbwa wenu. Mama yake aliletwa na wale wataalamu wa madini waliotoka kusini. Tazama manyoya yake, mafupi. Kaka yako alikuwa akimlaza ndani ya zizi, kwenye joto, pamoja na ng'ombe."

"Kaka yangu alimdekeza," Ohonon alijibu. "Mbwa ni mbwa, shemeji. Nitamjengea nyumba, utakuja kuiona mwenyewe."

Na kweli alimjengea. Nasema wazi, Ohonon hakuwa mkatili, na hapo ndipo uchungu wa habari hii ulipo. Alichagua mbao nzito, akazipiga randa, akajenga kibanda kirefu chenye paa lililochongwa nakshi, kisha akakipaka rangi ya bluu. Mlango aliuelekeza mtoni ili mbwa amwone kila anayekuja kupitia njia ya barafu. Ndani alitandika blanketi la marehemu kaka yake, nene, la pamba, kwa heshima. Kilikuwa kibanda kikubwa mno hata mkewe, Ogdo, akasema, "Niwekee jiko humo nihamie mimi." Watu walikwenda kukitazama. Ohonon akavimba kichwa. Kila alipokaa alitangaza kwamba mbwa wake ana nyumba kubwa kuliko bafu la mwalimu mkuu. Mnyororo wa Turgen, wa hatua mbili, aliupigilia msumari kwenye mhimili wa mlango.

Yapata wiki ya pili ya baridi ile kali, Maarpa alitoka saa sita mchana kumpelekea Ogdo sidiria mbili za ng'ombe. Alipofika uani akamwona Turgen amesimama nje ya nyumba yake ya bluu. Alikuwa amesimama kwa miguu mitatu, akibadilisha wa nne kila mara, anaunyanyua huu, anaushusha ule. Ncha za masikio zilikuwa nyeupe. Maarpa alipomwita, mkia ulitikisika mara moja tu, kisha ukakaa.

"Mbona huingii ndani, baba?" Maarpa alimuuliza. Mbwa alikitazama kibanda chake jinsi mtoto anavyoitazama dawa chungu.

Maarpa alizisokomeza sidiria mfukoni, akapiga magoti, akaanza kuufungua mnyororo. Chuma kiliumiza vidole hata ndani ya glavu. Ogdo akatoa kichwa mlangoni.

"Dada Maarpa! Unafanya nini hapo?"

"Ninafungua mnyororo. Macho huna?"

"Na mwenyewe atasema nini?"

"Atasema. Mdomo anao."

Mbwa hakuweza kutembea mwendo wa maana. Maarpa aliitwaa sleji ya Ogdo, kile kigari kisicho na magurudumu cha kuburutia barafu, akampakia Turgen juu yake, akamfunika kwa koti lake mwenyewe, akaiburuta kijiji kizima akiwa na sweta tu mwilini. Waliomwona madirishani walidhani amerukwa na akili. Potelea mbali, alisema baadaye, akili yangu haimpashi mtu moto.

Hakumpeleka zizini. Alimwingiza ndani, mbele ya jiko. Jambo hilo si dogo kwetu. Mbwa havuki kizingiti cha nyumba, na wazee husema Mwenye Moto, roho anayekaa ndani ya jiko na ambaye kila asubuhi hutupiwa chapati ya kwanza, haipendi harufu ya mbwa hata kidogo. Maarpa alilijua hilo tangu anyonye. Alichukua chapati ya siagi, akaitupa motoni, akasema, "Mwenye Moto, huyu ni mgeni wa marehemu. Ukimkataa, mimi na yeye tunahama, utabaki ukimtafuta wa kukutilia kuni." Moto ukaila chapati, ukaendelea kuwaka.

Haukupita muda Ohonon akafika. Alifungua mlango kwa kishindo, na wingu jeupe la baridi likaingia pamoja naye.

"Mlango!" Maarpa alifoka.

Ohonon akaufunga. "Shemeji, nimekuja kumchukua mbwa wangu."

"Mbwa yupi? Hapa pana mgonjwa."

"Usinifanyie mzaha. Umemwingiza mbwa ndani ya nyumba ya kaka yangu! Mbele ya moto!"

"Kaka yako angemwingiza kitandani na kumwachia mto."

"Sikiliza," Ohonon alisema, akaivua kofia ili aonekane mtulivu. "Nina farasi kumi na wawili. Wako nje tangu walipozaliwa. Wanachimbua theluji, wanakula, wanazaa. Umewahi kumsikia farasi wangu akilalamika?"

"Na ng'ombe wako je? Ng'ombe unamlaza ndani, unamvalisha sidiria, tena ya sungura, tena juzi umeniagiza yenye tabaka mbili. Mbwa aliyemtoa kaka yako kinywani mwa dubu hana hata soksi!"

"Ng'ombe ana maziwa."

"Basi nawe toka ukalale nje, maana maziwa yako sijapata kuyaona."

Ohonon akawa mwekundu kama nyama mbichi. Alimtazama Turgen, ambaye hakuinuka hata kumnusa, akaondoka bila kuaga. Alikwenda moja kwa moja kwa mkuu wa kijiji kushtaki kwamba ameibiwa.

Mkuu wa kijiji alikuwa Kyunnei, mwanamke wa miaka thelathini na mitatu, na kesi ya kwanza kupewa tangu achaguliwe ndiyo hii. Aliwaita watu ukumbini jioni hiyohiyo. Wakaja wote, wengine kwa haki na wengine kwa kuwa ukumbi una joto. Mzee Uibaan, mkubwa kuliko wawindaji wote, alisimama na kusema kwamba tangu enzi za babu yake mbwa wa Tumul wamelala nje, na kwamba mbwa akionja jiko hafai tena kwa kuwinda. Wengi wakatikisa vichwa kukubali. Kwa haki ya mila mbwa alikuwa wa Ohonon, hilo halikuwa na mjadala.

Kyunnei akamgeukia Maarpa. "Mama, una la kusema?"

"Ninalo." Maarpa alisimama. "Nimemkagua mbwa mchana kutwa. Ncha za masikio zitadondoka. Mguu mmoja haukanyagi. Mkimrudisha pale kwenye mnyororo hataiona Februari. Anayebisha na aje kwangu amtazame."

Kadhaa walikuwa wamekwisha kumwona juu ya sleji, wakajua ni kweli.

"Uzee huo," alisema Ohonon. "Kibanda ni kizuri. Mmekiona wote. Kina blanketi! Na mbwa mwenyewe ni mlinzi hodari, usiku hanyamazi mpaka asubuhi. Mbwa anayeteseka atapata wapi nguvu za kubweka?"

"Shemeji," Maarpa alimwuliza kwa upole, na waliomfahamu wakashika viti vyao, "umewahi kuingia humo?"

"Kuingia wapi?"

"Kibandani."

Watu wakacheka. Ohonon naye akacheka. "Mimi ni mbwa?"

"Hapana. Mbwa ana adabu. Kesho mchana, shemeji, jua likiwa juu, ingia humo. Vaa koti lako la mbwa mwitu, vaa kofia yako, vaa suruali mbili, vaa na hivyo viatu nilivyokushonea mimi. Mnyororo ufungwe kwenye mkanda wako. Kaa humo kwa muda wa saa mbili tu. Hakuna moto, hakuna chai, hakuna kupita pale unapoishia mnyororo. Ukitoka kabla ya muda, mbwa ni wangu. Ukiumaliza, nitamrudisha kwa mkono wangu, wala sitafungua mdomo tena juu ya jambo lolote kijijini hapa."

"Maarpa atanyamaza!" mtu alipiga kelele kutoka nyuma. "Ohonon, kubali, utusaidie sote!"

Ukumbi ukavunjika mbavu. Ohonon akasubiri kicheko kiishe. Alikuwa mwindaji. Alishawahi kukaa juu ya barafu siku tatu akingoja kulungu. Saa mbili mchana kweupe kwake zilikuwa mchezo wa watoto.

"Niwekee hata nne," alisema.

"Mbili zinatosha," Maarpa akajibu.

Kesho yake saa sita, Kyunnei alimfunga Ohonon mnyororo mkandani mbele ya umati, akaangalia saa. Ohonon aliinama, akaingia kibandani kwa magoti, akageuka, akatoa uso mlangoni na kubweka mara mbili. Watu wakamshangilia. Lakini baridi haina ushabiki. Haikupita robo saa wote wakawa wamekimbilia ndani kwa Ogdo, wakawa wanamtazama kwa zamu dirishani huku wakila samaki mbichi aliyegandishwa na kukatwa vipande vyembamba. Aliyebaki nje ni Maarpa peke yake. Alikuwa akitembea barabarani, anakwenda hadi kwenye ghala na kurudi, anakwenda na kurudi, mikono kwapani. Ohonon alimwona akipita, akapita tena. Akamcheka moyoni, kisha akaanza kuimba.

Kwa nusu saa aliimba. Halafu akahisi kitu kigumu chini yake. Alijua ameketi juu ya blanketi la kaka yake, kwa hiyo akashangaa. Akavua glavu moja na kulipapasa. Lilikuwa ubao. Pumzi za mbwa zilikuwa zimeingia pambani usiku baada ya usiku, zikaganda, zikaganda tena, hata lile blanketi la heshima likawa kipande cha barafu chenye maua. Na sasa joto la mwili wa Ohonon lilikuwa linaanza kuliyeyusha juu juu, suruali ya kwanza ikalowa, kisha ya pili. Alijaribu kulisukuma kando. Lilikuwa limeshikana na sakafu.

Akajikunja ili apate joto. Halikuja. Alitazama juu na pembeni, akaiona nafasi yote ile aliyokuwa akijivunia, na kwa mara ya kwanza akajiuliza ni nani aliyetakiwa kuijaza kwa joto. Mbwa mmoja, mzee, mwenye manyoya mafupi. Hata Ohonon na koti lake la mbwa mwitu hakuweza. Upepo nao ulikuwa unapanda kutoka mtoni na kuingia mlangoni bila hodi, kwa sababu yeye mwenyewe ndiye aliyeuelekeza mlango huko.

Akatambaa nje apige miguu chini. Hatua moja, ya pili, mnyororo ukamvuta nyuma na kumbwaga chini. Aliinuka, akawa anazunguka pale pale kama punda wa kinu. Ng'ambo ya uzio aliwaona farasi wake kumi na wawili kwenye kilima. Walikuwa wameupa upepo migongo. Mmoja alichimbua theluji, akasogea, mwingine akamfuata, wakashuka taratibu nyuma ya miti mahali ambapo upepo haukufika. Hakuna aliyewaongoza. Walikuwa wanatembea, na kule barabarani shemeji yake, na miaka yake sitini na mitano, naye alikuwa anatembea.

Saa ya kwanza ilikuwa imekwisha. Angeweza kusema basi. Dirishani palikuwa na nyuso, na Ohonon hakuwa mtu wa kushindwa mbele ya nyuso. Alipiga moyo konde, akarudi ndani, akasogea kwenye kona iliyo nyuma tu ya mhimili wa mlango, mahali pekee ambapo upepo ulipungua. Akaegemeza bega hapo. Kitu kikamchoma kidogo.

Aligeuka kutazama. Ubao wa kona ile ulikuwa umetafunwa. Palikuwa na alama za kucha kutoka juu hadi chini, na kuuzunguka msumari wa mnyororo mbao ilikuwa imechimbwa kwa meno, kina cha kidole kizima. Rangi ya bluu haikuwapo tena hapo. Na ndani ya ufa, limekwama, lilikuwapo jino. Jino la mbwa, limevunjikia mzizini.

Ohonon alilipapasa kwa kidole. Alikumbuka usiku wote aliokuwa amelala kando ya jiko, akisikia Turgen akibweka, akimwambia Ogdo kwa furaha, "Msikie, mlinzi huyo, halali." Alikumbuka kwamba alilisema hilo ukumbini jana, mbele ya watu, kama ushahidi. Alilichomoa jino kwa kisu, akalitia ndani ya glavu yake, akakaa. Hakuimba tena.

Muda ulipotimia Kyunnei alitoka na umati nyuma yake. Maarpa alikuwa amesimama langoni. Nyusi zake zilikuwa nyeupe.

"Saa mbili zimetimia, mzee," Kyunnei alisema. "Toka."

Hakutoka. Wakadhani ameganda. Wanaume wawili wakamfungua mnyororo, wakamshika makwapa, wakamvuta, ikasikika sauti ya kitambaa kuchanika, Ohonon akatoka na nusu ya nyuma ya suruali yake ikabaki kwenye blanketi. Watu walicheka mpaka machozi yakagandia kwenye kope. Ohonon peke yake hakucheka. Midomo ilikuwa mizito, akangoja ilainike.

"Nimeshinda?" aliuliza.

"Umeshinda," Kyunnei alijibu. Alijibu kwa shida, kwa maana alikuwa ameomba usiku kucha asishinde.

Kicheko kikazimika. Watu wakamgeukia Maarpa. Uso wake ulikuwa umemshuka. Alifungua mdomo, akakumbuka neno alilolitoa, akaufunga. Aligeuka akaenda zake, na baada ya muda akarudi na Turgen juu ya sleji. Alikuwa amemvalisha sidiria mbili za ng'ombe, zile za tabaka mbili alizoziagiza Ohonon, moja kifuani na moja tumboni, na kichwani amemfunga kofia ya sungura iliyoyafunika masikio. Siku nyingine kijiji kingeanguka kwa kicheko. Siku hiyo mtoto mmoja tu ndiye aliyecheka, akakanyagwa mguu na mama yake.

Maarpa akamshusha mbwa, akamtia Ohonon kamba yake mkononi. Alimkazia macho bila kupepesa, na macho yale yalisema yote ambayo mdomo ulikuwa umekatazwa.

Ohonon akaishika kamba. Akaanza kutembea. Turgen, alipokiona kibanda cha bluu, alikita chini miguu yake mitatu mizima, akatoa mlio mwembamba. Ohonon aliinama, akambeba mikononi kama mwanakondoo. Akakipita kibanda. Akaupita mnyororo. Akaenda mpaka kwenye mlango wa nyumba yake mwenyewe, mlango ambao mbwa hajawahi kuuvuka tangu babu yake alipoutia bawaba, akaupiga teke ufunguke.

"Ohonon!" Ogdo alishika kichwa. "Na Mwenye Moto je?"

"Mpe chapati mbili. Akikasirika, aje anikasirikie mimi. Asimguse huyu."

Mzee Uibaan akapenya mbele, fimbo juu. "Wewe mtu! Wazee wetu wote wamewalaza mbwa nje. Baba yako mwenyewe hakuwahi kufanya jambo kama hili!"

"Baba yangu hakulala humo," Ohonon alisema, na sauti yake ilisikika mpaka barabarani. "Mimi nimelala. Unataka kubishana nami, mzee wangu? Karibu. Kibanda hicho hapo, kikubwa, kina rangi, kina na blanketi. Mkanda unao. Lala humo kwanza, halafu uje unifundishe mila."

Uibaan alikitazama kibanda. Alikitazama kipande cha suruali kilichobaki kikipepea juu ya blanketi. Akaishusha fimbo, akasema kwamba baridi ni kali leo, akaenda zake.

Ohonon akamgeukia shemeji yake. Akaivua glavu na kumfunulia kiganja. Maarpa aliliona jino, akalijua ni jino gani, akajua pia lilikuwa wapi. Alikuwa ameapa kunyamaza, akanyamaza, lakini machozi yalimtoka na hakuyafuta, yakamgandia mashavuni hapohapo.

"Sikujua," Ohonon alimwambia. "Naapa sikujua, shemeji."

Kwa siku nne Tumul ilikaa bila sauti ya Maarpa. Mwanzoni watu walifurahi. Siku ya pili wakaanza kuulizana kama ni mgonjwa. Siku ya tano Ohonon alikwenda kwake na kapu la samaki, akaketi, akasema, "Shemeji, nakufungua kiapo. Nitukane hata kidogo, siwezi kukaa hivi."

Maarpa alivuta pumzi. Alimtukana mpaka chai ikapoa, Ohonon akaitikia kila tusi kwa kichwa, kisha wakala.

Ncha za masikio ya Turgen zilidondoka, lakini Turgen mwenyewe aliiona Februari, na Machi, na majira ya joto mawili baada yake. Masikio yalipopona alianza kuhema karibu na jiko na kukwaruza mlango, maana joto la nyumba nalo lilimshinda, ndipo wakampeleka zizini, kama alivyozoea, akalala ameegemea ubavu wa ng'ombe. Mbwa wengine wa kijiji, wale wa manyoya mazito waliotoka katika ukoo wa hukuhuku, walibaki nje kwa raha zao, wakijizika katika theluji na kulala fofofo. Ohonon hakuwagusa. Alichofanya ni kupita nyumba kwa nyumba, akiingiza kichwa chake katika kila kibanda. Chenye blanketi alilitoa, akajaza nyasi kavu. Kilicho kikubwa alikipunguza kwa msumeno. Kilichotazama mto alikigeuza. Minyororo aliifungua, na mwenye mbwa akilalamika alimwuliza swali moja tu, kama amekwisha kulala humo.

Kibanda cha bluu hakukivunja. Kipo mpaka leo pale uani, mnyororo umening'inia mlangoni, na katika kona yake ya ndani alama za meno ziko vilevile. Mtu yeyote Tumul akianza kupayuka, akisema mwenzake analia bure, mjane anajidekeza, mgonjwa anajifanya, mbwa ni mbwa tu, Ohonon humshika mkono bila neno, akampeleka hadi mlangoni pale, akamwonyesha ndani. Wengi hawaingii. Hutazama, hukohoa, hurudi wakiwa wamenyamaza, kwa kuwa sasa wanajua wote, wazee kwa vijana, kwamba kitanda usichokilalia hujui kunguni wake.